Rwenzururu: Waliomba Wilaya, Wakaunda Dola

Rwenzururu ni nchi ambayo haijapata kuonekana katika ramani rasmi ya Afrika, ingawa kwa miaka 20, kuanzia 1962 hadi 1982, ilikuwa na mfalme, mawaziri, bendera, mahakama, shule na watoza kodi. Ilikuwa juu ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, mgongoni mwa mpaka wa Kongo. Raia wake walikuwa wakulima wa makabila ya Wakonzo na Waamba, watu wa mihogo, maharage, ndizi na kahawa, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kufika Kampala. Katanga ilipojitenga na Kongo ilikuwa na migodi ya shaba, benki na askari wa kukodiwa kutoka Ulaya. Rwenzururu ilianza na mikuki na madaftari ya mwalimu wa shule ya msingi.

Jina lenyewe linatokana na theluji, ambayo kwa lugha ya Wakonzo huitwa nzururu. Kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, cha tatu barani baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na juu yake kuna barafu ingawa ikweta ipo karibu. Wakonzo hukaa kwenye miteremko na migongo ya milima. Chini, upande wa mashariki na kusini, kuna nyanda za Busongora zenye malisho ya ng'ombe. Upande wa kaskazini magharibi kuna bonde la mto Semliki, nyumbani kwa Waamba. Ng'ambo ya pili ya mlima ni Kongo, ambako ndugu wa Wakonzo huitwa Wanande na ndio wenyeji wa Beni, Butembo na Lubero. Mpaka uliopita katikati yao uliwekwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910. Wakazi wa Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo: Mbembe mwenye shamba Fizi, Kongo, na shangazi Kigoma anajua jinsi mstari wa wakoloni unavyoweza kupita katikati ya ukoo.

Lakini ugomvi wa Rwenzori haukuanza na mpaka wa Kongo. Ulianza na mpaka wa ndani, ule uliowaweka watu wa mlimani chini ya ufalme wa Toro.

Toro ilikuwa ufalme mchanga. Mwana wa mfalme aitwaye Kaboyo aliimega kutoka Bunyoro mnamo miaka ya 1830, na baadaye Bunyoro ikairudisha mikononi mwake. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Waingereza alimrudisha Kasagama kwenye kiti cha Toro, na mkataba wa mwaka 1900 ukakithibitisha kiti hicho pamoja na maeneo yaliyowekwa chini yake. Busongora na Bwamba, pamoja na miteremko ya Rwenzori, zikahesabiwa kuwa sehemu ya Toro. Kwa Mwingereza hilo lilikuwa jambo la urahisi wa utawala: mfalme mmoja, mkataba mmoja, kodi inakusanywa. Kwa Mkonzo lilimaanisha kwamba chifu anayekuja kudai kodi ni Mtoro, karani wa mahakama ni Mtoro, mwalimu ni Mtoro, na lugha ya shule na kanisa ni Kitoro.

Upinzani wa kwanza mkubwa ulitokea baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia 1919 watu watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, waliwaongoza wenzao kukataa amri za machifu wa Toro. Walikamatwa na kunyongwa mwaka 1921. Mlimani majina yao hayakufutika. Miaka 40 baadaye harakati mpya ilipozaliwa, ilijitambulisha kuwa inaendeleza kazi ya hao watatu.

Katikati ya miaka ya 1950 malalamiko yalikuwa yamezidi uzito. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 ili kubeba shaba ya mgodi wa Kilembe, mgodi uliochimbwa ubavuni mwa mlima wa Wakonzo wenyewe. Mji ukakua, mishahara ikaja, lakini watu wa mlimani waliona nafasi za maana zikienda kwa wengine. Nafasi za masomo ya juu zilipitia serikali ya Toro, na lawama iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba kijana wa Kikonzo aliyetaka kusonga mbele alilazimika kujiandikisha kuwa Mtoro. Kuna dharau ambayo haiandikwi katika sheria yoyote, ya mtu kuitwa nyani wa mlimani sokoni na kuchekewa lafudhi yake mahakamani. Wachunguzi waliokwenda huko baadaye waliikuta nayo ikitajwa.

Mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirane, ndiye aliyeyageuza malalamiko hayo kuwa harakati. Mwaka 1954 alifuatana milimani na mwandishi kijana wa Kiingereza, Tom Stacey, akiwa mkalimani na mwenyeji wake. Katika kipindi hicho alianzisha chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Kwa jina kilikuwa chama cha utamaduni: wazee walihojiwa, koo ziliandikwa, habari za zamani zilikusanywa. Serikali ya mkoloni haikuona hatari ndani yake. Hata hivyo watu wanaokusanyika kila mwezi kuulizana walikuwa nani kabla ya kutawaliwa na Toro hawachukui muda mrefu kuuliza kwa nini waendelee kutawaliwa nayo. Chama hicho kikawa na matawi vijijini kabla ya chama chochote cha siasa kufika huko.

Mwaka 1961 Mukirane, pamoja na Yeremiah Kawamara ambaye ni Mwamba na Peter Mupalya, waliingia katika baraza la Toro, lililoitwa Rukurato. Uganda ilikuwa inakaribia uhuru, na kila ufalme ulikuwa ukijadili katiba yake. Wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitaka katiba ya Toro itamke kwamba nchi hiyo ina watu wa aina tatu, Watoro, Wakonzo na Waamba, walio sawa. Walikataliwa. Machi 1962 wajumbe hao walisimama wakatoka nje ya baraza. Wakageukia dai la pili: kama Toro haiwezi kuwataja, basi wapewe wilaya yao, itawaliwe moja kwa moja kutoka serikali kuu kama wilaya nyingine za Uganda zisizo na mfalme.

Dai hili ndilo kiini cha habari yote, na ni dogo kuliko linavyokumbukwa. Hawakuomba nchi. Waliomba mkuu wa wilaya, makao makuu yao, baraza lao na fungu lao la bajeti. Wala halikuwa jambo la ajabu kwa wakati huo. Wasebei wa Mlima Elgon walipata wilaya yao mwaka huohuo wa 1962 kwa kutengwa na Bugisu. Tofauti ni kwamba Wasebei walikuwa wakimegwa kutoka wilaya ya kawaida, na Wakonzo walikuwa wakimegwa kutoka ufalme uliokuwa ukijadili hadhi yake na London. Mfalme wa Toro, Rukidi wa Tatu, hangeweza kurudi nyumbani na uhuru huku amepoteza karibu nusu ya nchi yake. Waziri mkuu Milton Obote, naye, alihitaji wafalme wa magharibi kuliko alivyohitaji wakulima wa mlimani.

Hapo Tanganyika ilikwenda njia nyingine. Buha, nchi inayozunguka Kigoma, ilikuwa na falme zake, Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, na mkoloni aliwatumia mamwami hao kutawala. Lakini mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliufuta uchifu kisheria. Uamuzi huo ulikuwa na hasara zake, na wazee wengine wanaulalamikia hadi leo, ila ulimaliza swali la kabila gani liko chini ya mfalme wa kabila gani. Uganda iliingia kwenye uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 ikiwa imeliandika swali hilo ndani ya katiba bila kulijibu.

Viongozi watatu waliotoka nje ya Rukurato walikamatwa. Kawamara na Mupalya walifungwa. Mukirane, akiwa nje kwa dhamana, alitoroka akapanda mlimani. Tarehe 30 Juni 1962 ndiyo wafuasi wake wanayoiadhimisha kuwa siku ya kutangazwa kwa Rwenzururu. Agosti mwaka huo mapigano yalianza. Serikali iliunda tume chini ya Dk. Sembeguya, iliyosikiliza, ikakiri kwamba Wakonzo na Waamba walitendewa vibaya, kisha ikapendekeza wasipewe wilaya. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa daktari kuutaja ugonjwa na kukataa kuandika dawa. Mapema 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika sehemu za Toro, na serikali kuu ikachukua utawala wa Bwamba na Busongora kwa mkono wake, yaani ikafanya kwa askari kile ilichokataa kukifanya kwa katiba.

Katika mwaka huo Obote alimwita Tom Stacey kutoka Uingereza apande mlimani kuzungumza na rafiki yake wa zamani. Stacey alimkuta Mukirane si yule mwalimu wa 1954. Alikuwa kiongozi wa dola ndani ya vibanda vya nyasi kwenye baridi ya mlimani, amezungukwa na mawaziri na makarani, mwenye amri zisizopingwa. Usuluhishi haukufaulu. Stacey aliandika kitabu juu ya safari hiyo, Summons to Ruwenzori, kilichotoka mwaka 1965, na sehemu kubwa ya kile ambacho ulimwengu wa nje ulijua kuhusu Rwenzururu wakati huo ilitokana na mtu huyo mmoja.

Mukirane alipoona wilaya haipatikani, alipandisha dau. Alijitangaza kwanza kuwa rais, kisha mfalme, kwa cheo cha Irema-Ngoma na jina la Kibanzanga wa Kwanza. Wakonzo kwa desturi hawakuwa na mfalme mmoja. Kila mgongo wa mlima ulikuwa na wakuu wake wa koo. Ufalme wa Rwenzururu kwa hiyo ni kitu kipya kilichovishwa nguo za kale, na aliyefundisha ushonaji huo ni Toro yenyewe. Katika Uganda ya 1962 mwenye mfalme ndiye aliyesikilizwa. Asiye naye alipelekewa tume.

Dola hiyo ya mlimani iliendeshwaje? Kwa sehemu kubwa, iliendeshwa kwa kuiga kile ilichokikataa. Iligawanywa katika kaunti na tarafa, kila moja na chifu wake. Kila mwanamume mtu mzima alitozwa kodi na kupewa risiti. Mahakama zilisikiliza kesi za mipaka ya mashamba, mahari na wizi. Shule za msingi zilifunguliwa, zikafundisha kwa Kikonzo, jambo ambalo shule za Toro hazikulifanya. Nyimbo zilifanya kazi ya gazeti na redio, zikisambaza habari za vita, sifa za mashujaa na shutuma kwa wasaliti kutoka kijiji hadi kijiji. Mtafiti Kirsten Alnæs alizikusanya na kuandika juu yake miaka ya 1960.

Isidhaniwe kwamba raia walikuwa wakiishi peponi. Vijiji vya chini ya mlima vilitozwa kodi mara mbili, mchana na serikali ya Uganda, usiku na watu wa Rwenzururu, na kila upande uliiona risiti ya mwenzake kuwa ushahidi wa uhaini. Aliyekataa kuchanga aliweza kuchomewa nyumba. Watoro waliokuwa wakiishi mabondeni walishambuliwa, na Watoro nao wakalipiza. Mwaka 1964 kulikuwa na mauaji makubwa ya Wakonzo yaliyofanywa na makundi ya Watoro. Maelfu walihamia juu zaidi, kwenye baridi, au wakavuka kwenda Kongo ambako vita vya waasi wa Simba vilikuwa vikiwaka. Kwa wengi Rwenzururu ilikuwa kimbilio kwa sababu tu hakukuwa na pengine pa kukimbilia.

Mukirane alifariki mlimani Septemba 1966. Mwanawe Charles Wesley Mumbere alikuwa na umri wa miaka 13. Tarehe 19 Oktoba 1966 alitawazwa, na washauri wa baba yake wakaendelea kuendesha mambo hadi alipokua. Mwaka uliofuata Obote alizifuta falme zote za Uganda, Toro ikiwemo. Kisheria sababu ya kwanza ya ugomvi ilikuwa imetoweka: hakukuwa tena na mfalme wa Toro wa kumkataa. Lakini wilaya haikutolewa, na watu waliokwisha kuuawa hawakufufuka kwa kufutwa kwa falme.

Aliyeitoa wilaya ni Idi Amin. Februari 1974 aliigawa Toro, akaunda wilaya ya Rwenzori kwa ajili ya Wakonzo na wilaya ya Semliki kwa ajili ya Waamba, ambazo baadaye ziliitwa Kasese na Bundibugyo. Historia ina kejeli zake. Mtawala aliyeiumiza Uganda kuliko wote ndiye aliyesaini karatasi ambayo wanasiasa wa kuchaguliwa waliikataa. Baada ya hapo moto ulipungua sana. Wengi walishuka wakaenda kulima. Kahawa ya mlimani ilivuka mpaka kwa magendo kwenda Zaire, ambako bei ilikuwa nzuri, na biashara ikawa muhimu kuliko bendera.

Vita vya 1979, ambamo Tanzania ilimwondoa Amin, viliirudisha Rwenzururu kwa muda. Askari wa Amin waliokimbia kuelekea magharibi waliacha silaha njiani, na kwa mara ya kwanza watu wa mlimani wakawa na bunduki za kutosha. Serikali ya pili ya Obote, iliyokuwa na vita vyake vya Luwero dhidi ya Yoweri Museveni, haikutaka adui wa pili. Amon Bazira, mwanasiasa wa Kikonzo ndani ya serikali hiyo, aliongoza mazungumzo. Agosti 1982 Mumbere alishuka kutoka mlimani mbele ya umati, akakabidhi silaha, na dola ya Rwenzururu ikafungwa bila risasi. Alipewa pamoja na mengine nafasi ya kusoma Marekani.

Sehemu inayofuata ingeonekana ya kubuni kama isingeandikwa magazetini. Serikali ya Obote ilipopinduliwa mwaka 1985, fedha za masomo zilikatika. Mfalme wa zamani akajifunza uuguzi msaidizi, na kwa miaka mingi akahudumia wazee na wagonjwa katika nyumba za kutunzia wazee, kwanza Maryland kisha Harrisburg, Pennsylvania. Wenzake wa kazi hawakujua kwamba mtu anayebadilisha mashuka aliwahi kutoza kodi kwenye mlima mzima. Mambo yalijulikana mwaka 2009, serikali ya Museveni ilipokubali kuutambua ufalme wa Rwenzururu kuwa taasisi ya utamaduni, kama ilivyoanza kufanya kwa Buganda, Bunyoro na Toro mwaka 1993. Tarehe 19 Oktoba 2009, miaka 43 kamili tangu atawazwe akiwa mtoto, Mumbere alivikwa taji Kasese akiwa na cheo cha Omusinga.

Kwa msomaji wa mwambao wa Tanganyika, kisa hiki kinafaa kuwekwa kando ya viwili vilivyotokea ng'ambo ya ziwa. Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na Albertville, mji unaoitwa sasa Kalemie, ulikuwa bandari yake kwenye ziwa hili. Lakini Waluba wa Katanga ya kaskazini, watu wa vijijini waliofuata chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, hawakuitaka nchi ya Moïse Tshombe. Waliikataa kwa silaha, na vijiji vyao vikachomwa na askari wake. Kujitenga kwa Katanga kulikwisha Januari 1963 mikononi mwa majeshi ya Umoja wa Mataifa, lakini ndani yake kulikuwa tayari na watu waliotaka kujitenga na waliojitenga.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila aliunda chama cha mapinduzi katika milima ya Fizi, upande wa pili wa ziwa, na makao yake yakaitwa Hewa Bora. Huko nako kulikuwa na mashamba ya pamoja, shule, kodi na amri za chama, na dhahabu na pembe za ndovu zilivuka usiku kwa boti kuja upande wa Kigoma. Mei 1975 watu wake walivuka hadi Gombe, wakawateka wanafunzi wanne wa kituo cha utafiti wa sokwe, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, walioachiwa baadaye baada ya fedha kulipwa. Hewa Bora ilidumu hadi miaka ya 1980. Kwa nje ilifanana na Rwenzururu, dola ndogo mlimani isiyotambuliwa na yeyote. Kwa ndani zilitofautiana kabisa. Kabila hakutaka kuimega Zaire. Aliitaka yote, na Mei 1997 aliipata. Mukirane alitaka kipande kimoja cha mlima, na hata hicho alikitaka baada ya kunyimwa ofisi ya wilaya.

Hakuna nchi iliyoitambua Rwenzururu. Julai 1964, katika mkutano wa Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Hofu yao ilikuwa ya kweli: bara lenye makabila mengi kuliko nchi lingeweza kumegeka bila kikomo. Nyerere huyohuyo, Aprili 1968, aliitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, kwa hoja kwamba umoja wa nchi hauna maana kwa watu wasiopata usalama ndani yake. Hoja hizo mbili hugongana, na tangu hapo Afrika haijazipatanisha. Eritrea ilipata uhuru 1993 na Sudan Kusini 2011, kila moja baada ya vita vya miongo. Somaliland inajitawala tangu 1991. Watu wa mlimani wasio na bandari, mafuta wala marafiki wakubwa hawakuwa na nafasi katika orodha hiyo.

Kutambuliwa kwa 2009 hakukuleta amani iliyotarajiwa. Taji lilitolewa kwa Wakonzo, lakini Kasese si ya Wakonzo peke yao. Wasongora wafugaji na Wanyabindi, ambao nao waliishi chini ya Toro, waliuliza kwa nini sasa wawe chini ya Rwenzururu. Waamba, waliokuwa bega kwa bega na Wakonzo mwaka 1962, walijitafutia kiongozi wao wa utamaduni, aliyetawazwa Bundibugyo mwaka 2014. Wiki chache baadaye, Julai 2014, vijana wenye mikuki na mapanga walivamia vituo vya polisi na kambi za jeshi Kasese na Bundibugyo, watu wengi wakafa. Malalamiko ya Wakonzo ya zamani dhidi ya Toro yalikuwa yamehama, yakawa malalamiko ya wadogo zaidi dhidi ya Wakonzo.

Serikali, kwa upande wake, ilianza kuzungumza juu ya njama ya kuunda Jamhuri ya Yiira, nchi ambayo ingewaunganisha Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo. Ufalme ulikana kuwa na mpango huo. Siasa ilichochea zaidi: katika uchaguzi wa Februari 2016 wilaya ya Kasese iliwapa wapinzani kura nyingi. Kwa miaka mingi pia milima hiyo ilikuwa imetumiwa na waasi wa ADF, ambao hawakupigania Rwenzururu, lakini uwepo wao ulimfanya kila kijana mwenye panga aonekane gaidi.

Novemba 26 na 27, 2016, baada ya mapigano kati ya walinzi wa ufalme na polisi, jeshi liliivamia ikulu ya Buhikira mjini Kasese, chini ya amri ya Brigedia Peter Elwelu. Serikali ilitaja vifo zaidi ya 100. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 153 kwa siku hizo mbili, watoto wakiwa miongoni mwao. Mumbere alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, ugaidi na mauaji, kisha mwaka 2017 akapewa dhamana iliyomzuia kurudi Kasese. Alikaa hivyo hadi Juni 2023, mwendesha mashtaka alipoyafuta mashtaka dhidi yake na wenzake. Oktoba mwaka huo alirudi nyumbani.

Mwaka 2012 mkoa wa Kigoma uliongezewa wilaya tatu, Buhigwe, Kakonko na Uvinza. Zilitangazwa, wakuu wa wilaya wakateuliwa, ofisi zikatafutwa, na wananchi wakaendelea kubishana juu ya mahali pa kujenga makao makuu. Wilaya ya namna hiyo ndiyo Mukirane aliyoiomba mwaka 1962. Kwa mauaji ya Buhikira, Marekani ilimwekea vikwazo Elwelu mwezi Mei 2024. Nchini Uganda hakuna askari aliyefikishwa mahakamani.